Tuchimbe Mfereji Mbele ya Kufungua Maduka



Mji wetu wa Kolwezi unakua, na kila mwenyi macho anaona. Mahali tulipokuwa tukipita kati ya majani tukienda kazini, leo kunasimama magazini za orofa, depo za simenti, hoteli, karakana za motokari, na meza za wamama wanaouza unga na samaki. Sisi tunafurahi. Biashara ni kazi, na kazi ni chakula cha watoto. Lakini tunalo swali moja, na tunaliuliza kwa sauti kubwa kwa sababu katika mikutano ya wakubwa halisikiki: maji machafu ya nyumba hizo zote yanakwenda wapi?

Sisi tunaoandika maneno haya ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kitabu cha hesabu, na kitabu cha hesabu kina pande mbili: vilivyoingia na vilivyotoka. Karani anayeandika upande mmoja tu atafukuzwa kazi mbele ya mwisho wa mwezi. Basi mtaa mpya wa biashara unaandika upande mmoja tu. Maji yanaingia, kwa bomba la Regideso ao kwa kisima kilichochimbwa na mwenyi duka. Kutoka kwake hakuna aliyekuandika.

Jibu tumeliona kwa macho yetu. Yanakwenda katika shimo nyuma ya duka. Shimo linajaa. Mwenyi duka anangoja usiku, anaita vijana wawili wenyi ndoo, nao wanamwaga uchafu katika mfereji wa mvua ulio kando ya njia. Asubuhi mama mmoja anakuja na meza yake, anaiweka juu ya mfereji ule ule, anapanga tomati. Mama yule amelipa tiketi ya soko, hana kosa. Mwenyi duka naye atasema: nifanye nini, nani amenionyesha bomba la kumwagia? Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, na neno hili ndilo linalotusumbua.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtaa wa biashara unapokea watu 5,000 kila siku, wenyi kuuza na wenyi kununua, na kila mtu anatumia litri 20 tu za maji, kwa choo, kwa kunawa, kwa kupika na kuosha vyombo. Hiyo ni litri 100,000 kwa siku. Katika maji yanayotumiwa, karibu sehemu 8 kwa 10 zinarudi kuwa maji machafu: litri 80,000. Motokari ya kunyonya vyoo yenyi tangi la litri 8,000 ingepaswa kuja mara 10 kila siku, Jumapili nayo, bila kuharibika hata siku moja. Nani amepata kuona motokari hizo 10? Basi zile litri zinazobaki ziko wapi? Ziko chini ya miguu yetu, wandugu, na katika visima vyetu.

Juu ya visima, kila mwenyi lupango ajipimie mwenyewe. Wenyi maarifa ya usafi wanaagiza kwamba kati ya choo cha shimo na kisima ipite mita 30 kwa uchache, na chini ya shimo kubaki mita 1 na nusu ya udongo mukavu mbele ya kufikia maji. Chukua lupango ya mita 20 kwa 25. Ukiweka choo katika pembe moja na kisima katika pembe ya kukielekea, utapata mita 32. Umefaulu! Lakini jirani wa kuume naye ana choo, na jirani wa kushoto, na jirani wa nyuma. Kisima chako kiko mbali na choo chako, kiko karibu na choo cha mwenzako. Mtu mmoja peke yake hawezi kujiokoa katika jambo hili, hata akiwa tajiri, hata akijenga ukuta mrefu na kuutia vipande vya chupa juu. Maji ya chini ya udongo hayaoni ukuta.

Na kolera tunaijua. Haipandi hewani kama wazee wengi walivyofikiri zamani. Mganga John Snow alionyesha katika London, mwaka 1854, kwamba inapita katika maji yaliyoguswa na uchafu wa mgonjwa. Mwaka 2013 iliingia Lubumbashi, ikajaza wagonjwa. Mtoto akishikwa asubuhi anaweza kufa mbele ya jua kushuka, kwa sababu maji yote ya mwili yanamtoka. Uchafu uliomwagwa usiku kwa kuokoa feza kidogo unarudi mchana kudai nafsi ya mtu.

Sasa tukumbuke mambo ya zamani kidogo, si kwa kulia, bali kwa kufahamu. Wakati wa ukoloni neno la usafi lilisemwa sana katika Katanga. Katika Elisabethville, iliyoanza mwaka 1910, Wabelgiji walitenga mji wa Wazungu na site ya watu weusi, wakaacha kati yao ukanda mtupu usiojengwa, wakisema ni kwa ajili ya afya. Kolwezi yetu, iliyoanzishwa na Union Minière mwaka 1937, nayo ilipangwa hivyo, kila mtu mahali pake kwa rangi na kwa cheo. Tazameni akili ile: ugonjwa ulipoogopwa, dawa yao ilikuwa kutusukuma mbali. Walitutenga kwa jina la usafi. Hawakutuunganisha kwa bomba.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, baba zetu walifikiri ukanda ule umekwisha. Kwa sheria ulikwisha. Lakini tazameni mtaa mpya wa biashara: mwenyi hoteli ana tangi lake la saruji na motokari ya kulinyonya, muuza ndizi hana hata mahali pa kujisaidia, anavumilia toka asubuhi hata jioni, na mama mwenyi mimba anavumilia pamoja naye. Ukanda ungalipo, ila siku hizi unapimwa kwa feza. Chama kilichozaliwa katika kudai uhuru hakiwezi kunyamaza hapa. Uhuru ambao mama hapati choo ndani yake ni uhuru wa bendera tu.

Wengine watatujibu: maneno yenu ni mazuri, lakini feza iko wapi? Jibu letu ni hili. Feza iko, na sheria inasema iko wapi.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kila kampuni ilipe haki ya serikali juu ya bei ya madini yanayouzwa: 3.5 kwa 100 juu ya shaba, na 10 kwa 100 juu ya madini yaliyotajwa kuwa ya maana sana, ndiyo kobalti, iliyotajwa hivyo mwishoni mwa mwaka ule ule. Feza hiyo inagawanywa: sehemu 50 kwa 100 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provinsi, 15 kwa komini ao sekta ao usultani wa mahali madini yanapotoka, na 10 kwa akiba ya vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni inapaswa kutenga 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji wanaokaa karibu na mgodi.

Tuyaweke haya katika namba ambazo kila mtu atazishika. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 200 kwa mwaka, haki ya serikali ni dola milioni 7. Sehemu ya 15 kwa 100 ya hiyo ni dola 1,050,000. Ikiuza tena kobalti ya dola milioni 20, haki ni dola milioni 2, na sehemu ya mahali ni dola 300,000. Jumla dola 1,350,000 kwa mwaka mmoja, kutoka kampuni moja, kwa mahali pamoja. Haya ni mfano tu. Lakini sisi tunaoandika tani tunajua kwamba mfano huu si ndoto.

Wandugu, feza hiyo ina tabia moja ambayo wakubwa wa komini wanapaswa kuifahamu: haitulii. Bei ya kobalti mwaka 2018 ilipita dola 90,000 kwa tani. Mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti ngambo, na Oktoba 2025 ikaweka kipimo cha kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Feza ya namna hiyo haifai kwa mishahara, wala kwa motokari za wakubwa zinazotaka petroli kila siku. Mwaka ukiwa mbaya, mishahara itakatika na watu watalia. Feza ya madini inafaa kwa kitu kinachojengwa mara moja na kudumu miaka 50. Madini yakitoka chini ya udongo hayarudi. Haki ni kuweka chini ya udongo ule ule kitu kitakachobaki wakati madini yamekwisha. Bomba la maji machafu ni kitu hicho.

Basi kazi yenyewe ifanywe namna gani? Sisi si wahandisi, lakini tumeuliza wenyi kujua, na mambo makubwa si magumu kufahamu.

La kwanza, maji machafu yanatembea kwa mteremko. Bomba la upana wa milimita 200 linataka kushuka karibu mita 4 kwa kila kilomita, ili maji yakimbie na kujisafishia njia. Likilala sana, uchafu unakaa na kuziba. Kwa hiyo njia ya bomba inachaguliwa na udongo, haichaguliwi na mkubwa. Mtu asijenge duka juu ya njia hiyo kwa sababu ana rafiki katika ofisi ya viwanja.

La pili, maji ya mvua na maji ya choo yasichanganywe. Kwetu zinashuka zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika miezi sita. Mvua moja ya milimita 50 juu ya hektari moja ya mapaa na lami inaleta litri 500,000. Ukiingiza maji hayo katika bomba la choo, litapasuka na uchafu utapanda juu ndani ya maduka. Mvua iwe na mfereji wake, choo kiwe na bomba lake.

La tatu, kuwe na mwisho mwema. Bomba linalomwaga katika mto Musonoi ao Luilu linahamisha ugonjwa tu, kutoka sokoni kwenda kwa ndugu zetu wa vijiji vya chini, kwani mito hiyo inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo yenyewe. Yanatakiwa mabwawa ya kusafishia, yanayofuatana moja nyuma ya lingine, ambamo jua na vijidudu vya maji vinafanya kazi siku nyingi. Yanadai uwanja mkubwa, lakini hayadai mashini wala umeme. Kwetu sisi, tunaokaa gizani mara kwa mara kando ya migodi inayowaka usiku kucha, hilo si jambo dogo.

La ine, na ndilo tunalolisisitiza: bomba lipite mbele ya lami na mbele ya ukuta. Leo udongo uko wazi. Kesho kutakuwa na lami, saruji, waya na ngazi za maduka. Kila mita itabidi ivunjwe kisha ijengwe tena, na mwenyi duka atadai kulipwa hasara. Tuanze na bomba kubwa la mama, lenye upana wa kutosha watu watakaokuja, kisha matawi yafuate mtaa kwa mtaa kadiri feza inavyoingia. Tusianze na matawi madogo ya mbele ya nyumba za wakubwa.

Kuna wanaosema: kuchimba mifereji mirefu ni kazi ngumu, tungoje wageni na mashini zao. Neno hili linatuchekesha. Katika kartie Kasulo, toka mwaka 2014, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba ndani ya lupango, chini ya vitanda, wakaenda mita nyingi ndani ya giza kwa sururu na taa ya kichwani. Hapa Kolwezi kuna vijana wanaojua kuchimba kuliko watu wengi wa dunia. Tukiweza kwenda chini hivyo kwa kutafuta mawe ya kuuzia wengine, tutashindwa na mita 2 ao 3 za kuokoa watoto wetu? Waandikwe vijana hao, walipwe mshahara wa haki, na kuta za mfereji ziegemezwe kwa mbao. Sisi wa mgodi tunajua namna udongo unavyofunika mtu. Hatutaki bomba linaloanza na matanga.

Sasa nani atalipa nini? Hapa tunataka kusema wazi, hata kama wengine katika chama chetu hawatapenda.

Kujenga bomba kubwa na mabwawa, hiyo ilipwe kwa sehemu ya komini katika haki ya madini, na ile 0.3 kwa 100 isaidie pale ambapo wenyeji wenyewe wameikubali. Kuunganisha kila duka na bomba, hiyo ilipwe na mwenyi duka, kwa kipimo cha upana wa kiwanja chake kando ya njia, kwa sababu thamani ya kiwanja chake itapanda siku bomba litakapopita. Kulinda bomba kila mwezi, kuzibua na kutengeneza, hiyo ilipwe kwa kodi ndogo kulingana na maji yanayotumiwa. Hoteli na nyumba ya kuoshea motokari walipe kingi. Muuza mboga asilipe zaidi ya tiketi yake ya kila siku. Amekwisha kulipa. Sehemu ya tiketi hiyo itengwe kwa vyoo vya soko, na itengwe kweli.

Hatubuni jambo geni. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wakubwa wa Uingereza wakashindwa kukaa katika Bunge lao. Wakapitisha sheria kwa haraka, wakakopa paundi milioni 3, na mkopo ule ukawekewa kodi ndogo juu ya nyumba za London kwa miaka 40. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga. Zingatieni: mji wote ulilipa, kidogo kidogo, kwa sababu mji wote ulinufaika. Zingatieni tena: walingoja mpaka harufu iingie puani mwa wakubwa. Sisi hatuna haja ya kungoja hivyo, maana wakubwa wetu wanakaa mbali na soko.

Kwa hiyo tunadai mambo haya matano:

1. Komini isitoe tena ruhusa ya kujenga katika mtaa wa biashara mpaka njia ya bomba ipimwe na kuwekewa alama.
2. Kila mwaka sehemu moja ya haki ya madini inayofika katika komini iandikwe katika bajeti kwa jina la maji machafu, wala isihamishwe kwa kazi nyingine.
3. Hesabu zibandikwe mlangoni mwa ofisi ya komini kila miezi mitatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.
4. Mbele ya bomba kumalizika, vyoo safi vya wanaume na vya wanawake vijengwe sokoni, na motokari ya kunyonya ipewe mahali halali pa kumwaga.
5. Wauzaji wa soko, wamama kwanza, wachague watu wao watakaokaa katika kamati ya kazi hii.

Nasi tusijitoe. Bomba likijengwa, kuna atakayetupa ndani yake matambara, mifuko ya plastiki na mafuta ya motokari. Kuna atakayeiba kifuniko cha chuma akakiuze kwa kilo, na mtoto atatumbukia usiku. Kuna atakayejiunganisha kwa siri ili asilipe. Huyo asituambie kwamba anapigana na serikali; anapigana na jirani yake. Mwanachama wetu anayefanya hivyo asishike kadi yetu mfukoni.

Wazee wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo udongo ungali wazi, madini yangali yanatoka, na feza ingali inaingia. Siku moja mojawapo ya hayo matatu itakwisha. Wajukuu wetu watakapouliza shaba na kobalti ya Kolwezi ilikwenda wapi, tusiwe na shimo tupu tu la kuwaonyesha. Tuwaonyeshe mji usionuka, soko lenye maji safi, na watoto waliokua.

Wandugu, mkutano wa komini ukiitwa, nendeni. Msipige makofi mbele ya kuuliza. Ulizeni swali letu moja: maji machafu yanakwenda wapi? Na msiketi mpaka lijibiwe.

Uhuru, haki na kazi!